Mizani ya Mwanafunzi wa Likizo

Msichana aliingia uani amekumbatia mizani kifuani kama mtoto mwenye homa, na Bibi Afrakoma akajua hapohapo kwamba jambo hilo halina heri. Mtu akija kwa wahunzi wa shaba na njaa, utamlisha. Akija na sufuria iliyotoboka, utamzibia. Lakini anayekuja na mizani yake mwenyewe ameshaamua njiani kwamba ya kwenu inadanganya.

Na hapo Ayawakrom hawakuwa na mizani, hata ya kudanganya. Tangu enzi za babu zao shaba ilipimwa kwa kiganja na kwa jicho, na aliyetaka kubisha alipewa kiganja kingine.

Nsiah, mwenye ua, ndiye aliyesoma barua ya mgeni. Aliisoma akiwa wima, kwa ile sauti yake ya matangani. Barua ilitoka chuo kikuu, huko Kumasi. Ilisema aliyeishika ni Enyonam Agbeko, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa metali. Ilisema kila likizo ndefu idara hupokea maombi ya wanafunzi wengi na kuchagua wachache wa kwenda kufanya utafiti kwa wiki nane. Mwaka huu wengine walikwenda kwenye migodi ya dhahabu, wengine kwenye kiwanda cha nondo, na huyu mmoja ameomba mwenyewe kuja kwa wahunzi wa shaba. Mwisho wa wiki nane ataandika ripoti, na mwenye ripoti bora atapata nafasi ya kuendelea kwenye maabara ya Daktari Bediako.

"Ameomba mwenyewe," Bibi Afrakoma alirudia, akichambua mchanga kwenye ungo. "Wale wa dhahabu walikataa kubadilishana naye?"

"Mama mdogo, huyu ni mgeni," alisema Nsiah. Mama yake alikwishafariki, na Afrakoma ndiye mdogo wa mama aliyebaki, kwa hiyo alimheshimu na alimwogopa kwa vipimo sawa.

"Nimesema asikae? Kaa, mjukuu wangu. Kwenu wapi?"

"Ho, Bibi. Kule Volta."

"Kumbe wewe ni wa kabila la Waewe. Haya. Umetoka Ho ukaja Kumasi kusoma vyuma, umetoka Kumasi ukaja huku kutusoma sisi. Na hiyo likizo utaipumzika lini?"

"Hii ndiyo likizo, Bibi."

"Aa. Na chuo kinakupa posho kwa kututazama?"

"Kidogo tu."

Bibi aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Mimi nimewatazama miaka hamsini bure."

Dwomo, mhunzi mwenye mikono minene kama mapaja ya watu wengine, alicheka mpaka mvukuto ukamtoka mkononi. Bibi hakucheka. Alikuwa anatazama mizani.

Kazi ya Bibi Afrakoma pale uani ilikuwa kufunga midomo. Wahunzi wa Ayawakrom hawamimini shaba kama maji ya ndoo. Wanachonga umbo kwa nta, wanalivisha udongo uliochanganywa na unga wa mkaa, nta inayeyuka na kutoka, inabaki kalibu tupu. Kwenye mkia wa kalibu wanaunganisha kikombe cha udongo chenye vipande vya shaba, kisha kikombe na kalibu vinafungwa pamoja kwa udongo wenye nyuzi za michikichi, mpaka kitu chote kinakuwa kama yai kubwa lisilo na mlango. Yai linawekwa motoni, kikombe chini. Shaba ikishaiva, linapinduliwa, na shaba inashuka yenyewe mahali pake. Hakuna anayeona ndani mpaka udongo uvunjwe.

Kwa hiyo mtu wa mwisho kuiona shaba ni mfungaji. Na mfungaji wa Ayawakrom anafunga akiwa ameelekea ukutani, amewapa watu mgongo, wala hasemi neno mpaka mdomo uzibe. Shangazi yake aliyemfundisha alifanya hivyo, na Afrakoma hakumuuliza sababu, maana shangazi huyo alikuwa mwepesi wa kofi. Kwa miaka hamsini hakuna aliyeuona mgongo wake kuwa kitu cha ajabu.

Sasa alikuwapo binti aliyeuandika daftarini.

Alikuwa anaandika kila kitu. Alipima shaba kabla ya kumpa Bibi. Makalibu yakishafungwa na kukauka, aliyafuata upande wa pili wa banda, kwenye tanuri, akiwa na waya zake na kopo lake na kisanduku chenye tarakimu nyekundu cha kuonyesha joto. Bibi hakufika huko. Moshi ulimchoma macho siku nyingi, na kazi yake ilikwisha mdomo ukishaziba. Shaba ikitoka motoni na kuvunjwa udongo, binti aliipima tena, akaandika tena.

"Anaandika nini?" Bibi alimuuliza Dwomo.

"Namba."

"Namba za nini?"

"Bibi, mimi nikiziangalia naona kama mchwa."

Huko nyuma, kabla binti hajafika, Obaapanin Tiwaa, mama mkubwa wa ukoo mmoja wa mji wa jirani, alikuwa ameleta mabeseni ya shaba ya mama yake marehemu. Mwaka wa msiba ulikuwa unatimia, na ukoo ulitaka mabeseni yale yayeyushwe yawe vikasha saba vyenye vifuniko, kimoja kwa kila mtoto. Shaba ya marehemu haichanganywi na shaba ya mtu mwingine. Kikasha kikishatoka, shina lililobaki linakatwa na kurudishwa kwenye rundo lilelile ili liingie kwenye kikasha kinachofuata. Nsiah alitazama mabeseni kwa jicho, akasema yanatosha saba na kubaki kidogo. Alikuwa na jicho zuri.

Vikasha vinne vilikwishatoka siku binti alipoharibu chakula.

Walikuwa wameketi kwenye fufu na supu ya karanga, mchana, mvua imekatika. Enyonam alinawa mkono, akafungua daftari badala ya kumega.

"Baba Nsiah, kuna jambo silielewi. Kila mara tunaweka kilo mbili na nusu, na kila mara tunapata pungufu. Kupungua kidogo ni lazima, kwenye shaba hii ya manjano kuna zinki, na zinki huwa inageuka moshi. Lakini kitabuni ni gramu arobaini, hamsini. Sisi tunapoteza mia mbili na thelathini. Mara nne mfululizo. Tukiendelea hivi, kikasha cha saba hakipati shaba."

Mkono wa Nsiah ulisimama ndani ya supu.

"Kabla haijaingia motoni inashikwa na nani?"

"Napima mimi. Halafu nampa Bibi."

Dwomo alilitazama tonge lake kama vile ndiyo mara ya kwanza kukutana na fufu.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza Bibi Afrakoma. "Supu imeingia mfupa?"

"Hakuna aliyekutaja, mama mdogo."

"Ndiyo maana nauliza. Ningetajwa, ningejibu."

Alikula fufu yake yote, taratibu, akalamba na kidole, kwa sababu mwizi angeacha chakula. Lakini haikushuka vizuri.

Kesho yake mchana, mbele ya wahunzi wote, Nsiah alikuja na kigoda, akakaa mbele yake, akasugua magoti. Alisema vikasha vitasimama kwanza. Alisema vikianza tena, mfungaji atakuwa Dwomo, mbele ya watu. Yeye Bibi apumzike kidogo, apumzishe macho.

"Macho yangu ndiyo yameiba?"

"Sijasema umeiba."

"Basi useme, Nsiah. Usinipe kigoda cha wagonjwa. Sema mama mdogo, umeiba shaba ya maiti."

"Zimebaki wiki tatu kufika siku ya ukoo," alisema Nsiah, akitazama chini. "Obaapanin Tiwaa akiniuliza shaba ya mama yake iko wapi, nimjibu nini? Nimwambie tulikuwa tunatazama mgongo?"

Kufikia jioni kijiji kizima kilijua. Bombani, Akyaamaa, jirani ambaye Bibi alimzalisha watoto watatu kwa mikono hiyohiyo, alimsaidia kujitwika ndoo akasema, "Aa, leo mzigo wako mwepesi, Eno, mama yetu. Hauna shaba?" Wanawake wakachekea mitandio yao. Bibi Afrakoma akasema mwepesi kweli, maana shaba yote ameipeleka kwa mume wa Akyaamaa, amuulize. Wakacheka zaidi, ila walikuwa wanamcheka nani, hapo hapakuwa wazi.

Akaamua kumtafuta mwizi mwenyewe. Kwamba yupo, hakuwa na shaka. Shaba haina miguu.

Alianza na mizani. Binti alipokwenda kanisani Jumapili, Bibi alitoa makopo matatu ya maziwa dukani kwa mpwa wake, yale ambayo uzito umechapwa ubavuni, akayapandisha moja moja. Mizani ikasema ukweli. Akaipandishia makopo yote matatu kwa pamoja, kwa ghafla, pengine itashtuka. Ikasema ukweli tena. Jambo hilo lilimsikitisha sana.

Akahamia kwa Dwomo. Huyu alikuwa na tabia ya kutoweka kila alasiri na kitu kilichofungwa kwenye majani. Bibi alimfuata akijifanya anatafuta kuku, akapita nyuma ya kanisa la Wamethodisti, nyuma ya shamba la kakao la Opoku, akachungulia. Dwomo alikuwa anamkabidhi mwanamke majani yale. Ndani yake mlikuwa na magimbi yaliyochemshwa na samaki mzima, na mwanamke alikuwa mkewe aliyemwacha mwezi wa tatu, ambaye mbele za watu humwita nyoka.

"Bibi!" Dwomo alishtuka. "Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Nani anaamini neno la mwizi?"

Alirudi amechoka na bila kuku.

Akabaki binti. Na kwa kweli toka mwanzo alikuwa ndiye. Nani alileta hesabu? Nani alijua shaba inapungua kabla ya wengine kujua? Fundi anayekwambia paa lako linavuja, mtazame kama hana misumari mfukoni. Enyonam alilala chumba cha pembeni cha Bibi mwenyewe, kwenye kitanda cha Bibi mwenyewe. Asubuhi moja binti alipochukua ndoo akaenda kuoga, Bibi aliingia akafungua begi. Hakuiba. Alikagua.

Nguo. Biblia ya Kiewe. Sabuni ya shea. Shaba, hata kipande cha ukubwa wa ukucha, hakuna. Waya zilizoviringishwa, kopo la saruji ya maabara, na daftari.

Bibi Afrakoma alifika darasa la sita kabla baba yake hajasema yatosha, na herufi hazikumkimbia, ila zilipenda kusubiriwa. Aliweka kidole. Akasoma kwa midomo. *Upotevu unatokea wakati wa kufunga. Mfungaji hufanya kazi akiwapa watu mgongo.*

Akasoma tena, kuona kama itabadilika.

Ndipo kiganja chake kilichoshikilia waya kilipomwambia kitu. Ncha ya waya ilikuwa na manyoya meupe. Laini kama sufi, ya kutoka ukiyagusa. Aliyasaga kati ya vidole, akayanusa. Aliyajua manyoya yale. Mara yake ya mwisho kuyaona alikuwa msichana, alipofunga vibaya mdomo mmoja ukapata ufa motoni, na ukingo wa tanuri ukajaa manyoya meupe kama mtu amechambua mto. Shangazi alimpiga makofi mawili siku hiyo. Moja kwa ajili ya ufa na jingine kwa ajili ya kuuliza ni nini kile.

Mlango ulifunguka. Enyonam alisimama na taulo, ndoo mkononi, maji yanamchuruzika.

"Bibi, unatafuta nini kwenye begi langu?"

"Na wewe unatafuta nini kwenye mgongo wangu?"

Binti aliliona daftari lililo wazi. Akaweka ndoo chini.

"Niliandika nilichokiona," alisema.

"Uliona mgongo. Waya huu unafika wapi?"

"Nini?"

"Waya, binti. Mdomo wake unafika wapi ukiuingiza?"

"Ndani ya kikombe. Juu kidogo ya shaba yenyewe. Bila hivyo sijui joto lake."

"Unatoboa kikombe changu?"

"Tundu dogo tu, begani. Baada ya wewe kufunga, ikikauka. Naziba kuzunguka waya kwa hii saruji. Bibi, saruji hii imetengenezwa kiwandani, inastahimili moto kuliko huo udongo wenu mara mbili."

"Umebakiza kigae cha kilichokwisha kuungua?"

Alikuwa amebakiza, bila shaka. Yule alibakiza hata vijiti vya kiberiti. Alitoa kigae kwenye mfuko wa karatasi. Saruji ya kiwandani ilikuwa bado pale, ngumu kama jiwe, haijaungua hata kidogo. Ila ilikuwa imesinyaa. Kati yake na udongo pande zote palikuwa na mwanya wa kuingiza ukucha, na Bibi aliingiza ukucha wake, akauzungusha taratibu, akautoa umejaa manyoya meupe. Akauweka chini ya pua ya binti.

Enyonam hakuhitaji kuambiwa kwamba huo ni moshi wa zinki ulioganda. Hayo alikuwa ameyafundishwa, tena akafaulu.

"Umewahi kupima hata moja ambayo hukuitoboa?" aliuliza Bibi.

Binti akaketi kitandani na taulo lake lililolowa.

"Nilipima nilizozipima joto tu," alisema polepole. "Zote nilizozipima… zote nimezitoboa."

"Vaa kwanza. Mtu hawezi kuona haya mara mbili kwa wakati mmoja."

Usifikiri Bibi Afrakoma alitoka mle chumbani ameridhika. Alitoka anashuku zaidi. Kama binti anajua kwamba tundu ni lake, na ripoti bora ndiyo inayompeleka maabara ya Daktari Bediako, ataandika nini? Mwanafunzi aliyeletwa kupima akaharibu anachokipima, huyo hapewi maabara, anapewa nauli. Na daktari mwenyewe alikuwa anakuja kukagua Ijumaa ya wiki ile. Rahisi zaidi kuacha mgongo wa bibi kizee pale ulipo.

Kwa hiyo hakumpa nafasi ya kufikiri. Alikwenda uani akaita watu wote, akamwita na Akyaamaa kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Leteni kufuli mbovu za shaba na bomba za maji zilizokufa," alisema. "Kilo moja kikombe hiki, kilo moja kile. Vyote nafunga mimi. Akyaamaa, njoo unipekue."

"Eno, mimi nilikuwa natania tu."

"Njoo utanie na hapa kiunoni."

Akyaamaa alimpekua mbele ya ua mzima, uso umemwiva kwa aibu. Alipata nusu ya kokwa ya kola ya kutafuna, ufunguo wa sanduku, na samaki mkavu ambaye Bibi alikuwa amemsahau tangu Jumamosi. Shaba hakupata. Bibi akaketi ukutani kwake akafunga vikombe vyote viwili, hakuharakisha. Vilipokauka, Enyonam alitoboa kimoja, akaingiza waya, akaziba kwa saruji yake kama kawaida. Cha pili hakukigusa. Dwomo akavipeleka motoni bega kwa bega.

Nsiah alisimama karibu na tanuri muda wote, mikono nyuma, kama askari anayelinda benki. Safari hii hata Bibi alisogea, moshi na machozi na yote. Hakutaka kusimuliwa.

Udongo ulipovunjwa na shaba kupoa, binti alipima ile isiyotobolewa. "Mia tisa themanini na tano." Akapima ile ya waya.

"Soma," alisema Bibi.

"Mia tisa na nne."

"Pima tena," alisema Nsiah.

Ilikuwa mia tisa na nne. Nsiah akainama akaitazama tarakimu yeye mwenyewe, akaigongagonga mizani kwa kidole, akaipima mara ya tatu. Dwomo akapenga kamasi akasema, "Kumbe mwizi ni tundu," na mtu mmoja akacheka, halafu wote wakaona ni bora wasicheke.

"Mama mdogo," Nsiah alianza.

"Usianze hapa. Uliniondoa kazini mchana mbele ya watu, ukiwa umekaa kwenye kigoda. Utakuja mchana mbele ya watu, na chupa. Na isiwe ile ya dukani kwa Opoku anayoiongeza maji."

Nsiah alikuja kesho yake na chupa ya schnapps ya boksi, pombe kali ya kuombea radhi, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Bibi aliipokea, akaigeuza juani, akaitikisa, akakagua kama kifuniko kilikuwa hakijaguswa. Ndipo akasema amesikia. Kuhusu shaba ya marehemu, Nsiah alikwenda mwenyewe kwa Obaapanin Tiwaa, na Enyonam nyuma yake kueleza habari ya tundu. Uani walisimuliwa baadaye kwamba mwanamke yule aliwatazama kwa zamu, binti, Nsiah, kigae, binti tena, muda mrefu kabisa. Mwishoni aliuliza kama shaba iliyobaki inatosha vikasha vyote hata cha mwisho kikiwa chembamba. Nsiah akajibu kwamba Dwomo akipunguza unene wa nta, itatosha. "Basi hicho chembamba mpeni kaka yangu," alisema. "Alikuja kumwona mama mara mbili katika miaka kumi."

Lakini ripoti ilikuwa bado.

Alhamisi Enyonam aliketi barazani akiiandika daftarini, na Bibi Afrakoma akaketi karibu naye akimenya mihogo ambayo haikuhitaji kumenywa siku hiyo. Binti alipopiga nukta ya mwisho, Bibi alinyoosha mkono.

"Lete."

"Bibi, ni lugha ya shule."

"Na mimi nilikwenda shule. Nilitoka mapema tu."

Aliweka kidole kwenye mstari. Wanakijiji wawili walipita na kusalimia na hawakujibiwa. Alisoma habari ya moto, habari ya udongo wenye nyuzi kwamba haupati ufa, akaguna kwa kukubali. Akafika pale. *Inawezekana kwamba sehemu ya metali ilipotea kupitia tundu la waya wa kupimia joto.*

Kidole kilisimama.

"Hii 'inawezekana' ni ya nini?"

"Ndivyo tunavyoandika, Bibi. Mtafiti hasemi jambo limekuwa hivi na kufunga mlango. Tumelinganisha mara moja tu. Walimu wetu wanataka neno hilo."

"Wanalitaka?"

"Ndiyo."

Bibi alilamba kidole akafunua kurasa nyuma, moja, mbili, sita, mpaka akaupata ule ukurasa wa zamani. Akausoma kwa sauti, akiuma kila neno. "*Upotevu unatokea wakati wa kufunga. Mfungaji hufanya kazi akiwapa watu mgongo.*" Akainua macho. "Nitafutie 'inawezekana' hapa. Macho yangu hayaoni vizuri."

Enyonam alitazama ukurasa. Haikuwapo.

"Tundu lako umelipa neno la kujifunika," alisema Bibi. "Mgongo wangu umeuacha uchi."

Masikio yalimwiva binti. Daktari anafika kesho, na ukurasa ule wa zamani ungeweza kuchanwa tu, daftari lina kurasa nyingi. Bibi alimwona akilifikiria hilo. Alimwona kabisa, vidole vikielekea kwenye mshono.

"Usiuchane," alisema Bibi.

"Siuchani."

Binti alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya sentensi ile, mwembamba, wa kuacha maneno yasomeke chini yake. Pembeni akaandika tarehe ya siku ile na maneno matatu: *Nilikosea. Sikulinganisha.* Kisha akarudi kwenye ukurasa mpya, akasita kwenye neno.

"Hili siwezi kulitoa leo, Bibi. Haki ya Mungu siwezi. Mara moja haitoshi. Nipe jozi tatu nyingine, kimoja na tundu, kimoja bila. Zikisema hivyohivyo, nalitoa."

"Na daktari wako?"

"Atalikuta hivi lilivyo. Nitamwambia nimepoteza wiki nne kwa tundu langu mwenyewe. Akininyima maabara, amenyima."

Bibi Afrakoma alimkagua usoni kama alivyoikagua ile chupa, kuona kama kifuniko kimeguswa. Hakuona kitu, na hilo peke yake halikumtosha.

"Jozi tatu," alisema. "Lakini kufuli natafuta mimi. Na unapotoboa, nakaa hapohapo."

"Moshi utakuumiza macho."

"Yataumia yakiwa yanakuona."

Daktari Bediako alikuja Ijumaa, mtu mfupi mwenye viatu visivyofaa matope, akasoma daftari akiwa amesimama, akarudia ukurasa wenye mstari mara mbili, hakusema nafasi ipo wala haipo. Aliuliza tu jozi ya kwanza inaingia motoni saa ngapi, akavua koti. Jumatatu jozi ya tatu ilipotoka na kupimwa na kusema vilevile, Enyonam alimpelekea Bibi daftari, kalamu mkononi, akamwonyesha mahali, na lile neno 'inawezekana' likafutwa mbele ya macho mekundu ya mtu aliyekohoa moshi siku nne. Bibi aliuchunguza mstari kama umepita sawasawa juu ya herufi zote.

"Haya," alisema. "Mwiteni Dwomo alete shaba ya marehemu. Vimebaki vitatu."